Arifa isipofika kwa msimamizi: namna ya kutafuta kosa katika mipangilio ya kupandisha arifa kwenye Zabbix

Saa nane na dakika kumi usiku, diski ya seva ya hifadhidata katika ofisi niliyokuwa nikifanya kazi ilivuka asilimia 90. Mtu wa zamu alitumiwa meseji, lakini simu yake ilikuwa haitoi mlio na yeye alikuwa amelala. Mpango wetu ulisema wazi kwamba tatizo likikaa nusu saa bila kushughulikiwa, meseji iende kwa msimamizi wa mifumo, na likikaa saa nzima iende kwa mkuu wa idara. Msimamizi hakupata kitu, na mkuu wa idara hakupata kitu. Ilipofika saa kumi na mbili alfajiri diski ilikuwa imejaa pomoni, hifadhidata imegoma kuandika, na habari hiyo tuliletewa na wateja kwa simu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba tulipofungua mipangilio asubuhi ile, kila mstari ulionekana sahihi.

Tangu siku hiyo nimejifunza kufuata utaratibu mmoja kila arifa inaposhindwa kupanda ngazi, na huo ndio ninaoueleza hapa. Ninatumia Zabbix, programu huria ya kufuatilia seva na mitandao iliyoanzishwa na Alexei Vladishev wa Latvia na kutolewa kwa umma kwa mara ya kwanza mwaka 2001. Majina ya menyu ninayoyataja ni ya toleo la 7.0, lililotoka mwaka 2024. Ukiwa na toleo la zamani, la kabla ya 6.4, utaona kwamba kanuni za arifa zilikuwa chini ya “Configuration” badala ya “Alerts”, lakini utendaji wake ni uleule kwa sehemu kubwa.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno machache. Hatua, katika mwongozo huu, ni kazi unayoifanya wewe. Ngazi ni kile ambacho Zabbix hukiita “step”, yaani kituo kimoja katika safari ya arifa kutoka kwa mtu wa zamu hadi kwa wakubwa wake. Kanuni ni kile kinachoitwa “action”: masharti yanayosema tatizo lipi lishughulikiwe, pamoja na orodha ya ngazi na watu wa kutumiwa ujumbe. Triga ni fomula inayoamua kwamba kipimo fulani sasa kimekuwa tatizo.

Arifa husafiri kwa mpangilio usiobadilika. Kipimo hufika, triga hukipima, tatizo hufunguliwa, kanuni hulikamata, ngazi huanza kuhesabiwa, mpokeaji hutafutwa, njia ya kutuma huitwa, na mwisho simu hulia. Kosa linaweza kukaa mahali popote katika mnyororo huo, na kwa hiyo anayeanza kubadilisha mipangilio kwa kubahatisha hujiongezea makosa mapya juu ya lile la zamani, kisha hawezi tena kujua lipi lilikuwa chanzo.

Hatua ya 1: Soma kumbukumbu kabla ya kugusa chochote

Chagua tukio moja tu lililoshindwa, ulijue kwa tarehe na saa, na usiliache hadi upate jibu lake. Fungua “Monitoring”, kisha “Problems”, chagua kuonyesha historia badala ya matatizo ya sasa pekee, na ulitafute tukio hilo. Ukibofya saa ya tukio utafika kwenye ukurasa wa maelezo yake, ambako kuna orodha ya kila ujumbe uliotengenezwa: ulikuwa wa ngazi gani, ulitengenezwa saa ngapi, ulikusudiwa kwa nani, na hali yake ikawaje. Taarifa za matukio yote kwa pamoja ziko chini ya “Reports”, kwenye “Action log”, lakini mimi hupenda kuanza na ukurasa wa tukio kwa sababu unaonyesha namba ya ngazi.

Kinachoonekana hapo kitakuelekeza pa kwenda. Ikiwa hakuna ujumbe hata mmoja, mara nyingi ni kwamba kanuni haikulikamata tatizo. Hapo kagua masharti ya kanuni, hasa kundi la hosti (hosti ni seva au kifaa kinachofuatiliwa), kwa maana seva mpya ikiwekwa katika kundi lisilotajwa kwenye masharti itakaa bila mlinzi na hakuna atakayejua. Ikiwa ujumbe wa ngazi ya 1 upo na wa ngazi za juu haupo, kosa liko katika hesabu ya ngazi, katika uhai wa tatizo lenyewe, au katika sharti la kukiri, yaani mtu kuweka alama kwamba ameliona tatizo. Hayo yamo katika hatua ya 2, ya 3 na ya 5. Ikiwa ngazi ya juu ilifikiwa lakini jina la mtu uliyemtarajia halipo, au lipo kwa alama ya kushindwa pamoja na maelezo “No media defined for user”, nenda hatua ya 4. Ukikuta maelezo “No message defined for media type”, basi njia ya kutuma haina kiolezo cha ujumbe. Fungua njia hiyo chini ya “Media types”, uongeze kiolezo, na shida imekwisha. Na ikiwa kila kitu kimeandikwa “Sent” ilhali simu haikulia, ruka hadi hatua ya 6.

Hatua ya 2: Hesabu ngazi kwa kalamu na karatasi

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, na huzaliwa kwa watu makini kabisa, kwa sababu namna Zabbix inavyohesabu muda si namna ambayo mtu angeidhania. Fungua “Alerts”, “Actions”, “Trigger actions”, ingia katika kanuni yako, na utazame sehemu ya operesheni, yaani maagizo ya nani atumiwe ujumbe katika ngazi zipi. Juu kabisa kuna muda wa kawaida wa ngazi, ambao usipobadilishwa huwa ni saa moja, na hauruhusiwi kupungua chini ya sekunde 60.

Ngazi ya 1 huanza papo hapo tatizo linapofunguliwa. Haingoji chochote. Muda ulioandikwa kwenye ngazi ni muda wa kukaa katika ngazi hiyo kabla ya kwenda inayofuata, na haupaswi kusomwa kama muda wa kusubiri kabla ya ngazi hiyo kuanza. Kwa hiyo, ukiweka muda wa kawaida kuwa dakika 10, ngazi ya 1 itaanza dakika ya 0, ngazi ya 2 dakika ya 10, ngazi ya 3 dakika ya 20, na ngazi ya 4 dakika ya 30. Msimamizi anayetakiwa kuarifiwa baada ya nusu saa anakaa ngazi ya 4. Wengi humweka ngazi ya 3 kwa kuwa 10 mara 3 ni 30, na matokeo yake anaamshwa dakika kumi kabla ya wakati, pale ambapo mtu wa zamu ndiyo kwanza anafungua kompyuta.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Mtu huandika ngazi 1, 2, 3 na 4 vizuri, lakini husahau kubadilisha ule muda wa kawaida wa saa moja. Ngazi ya 4 hapo itafika baada ya saa tatu. Mipangilio inafanya kazi barabara, ila inafanya kazi kwa mwendo ambao hakuna aliyeukusudia, na mara nyingi tatizo huwa limeshatatuliwa au limeshaleta hasara kabla ngazi hiyo haijafikiwa.

Unaweza pia kuipa operesheni moja muda wake maalumu, na hapo kuna mtego. Tuseme umeiweka operesheni ya msimamizi katika ngazi ya 2 na kuiandikia dakika 30, ukidhani kwamba atasubiriwa dakika 30. Hapana: msimamizi ataarifiwa mara ngazi ya 1 inapoisha muda wake, na zile dakika 30 zitamchelewesha mkuu wa idara aliye ngazi ya 3. Muda wa kumchelewesha mtu huandikwa kwenye ngazi inayomtangulia. Tena, ikiwa operesheni mbili zimekutana katika ngazi moja na zina muda tofauti, Zabbix hufuata ule mfupi, kwa hiyo operesheni ndogo ya dakika 5 iliyoongezwa na mwenzako kwa nia njema inaweza kuvuta ratiba nzima iliyo mbele yake.

Angalia pia ngazi ya mwisho ya kila operesheni. Kuandika kutoka 1 hadi 1 kuna maana kwamba ujumbe utatumwa mara moja tu, wakati kuandika 0 mahali pa mwisho kuna maana kwamba utarudiwa katika kila ngazi hadi tatizo lifungwe. Mimi huchora mstari kwenye karatasi, naweka alama za dakika, na chini ya kila alama naandika jina la anayepaswa kupokea. Karatasi hiyo ikikubaliana na mpango wa ofisi, ninasonga mbele. Isipokubaliana, kosa limepatikana bila kugusa seva.

Hatua ya 3: Tazama kama tatizo linakufa na kuzaliwa upya

Hili ndilo lililotupata sisi usiku ule, na ndilo ninalotaka lieleweke vizuri kuliko yote, kwa sababu halionekani ukikagua mipangilio ya ngazi peke yake. Ngazi huhesabiwa kwa kila tatizo kivyake. Tatizo likifungwa, hesabu yake inaishia hapo, na likifunguliwa tena, hata sekunde chache baadaye, linahesabiwa kuwa tatizo jipya linaloanza ngazi ya 1.

Triga yetu ilisema tu kwamba matumizi ya diski yakizidi asilimia 90, ni tatizo. Usiku huo programu ya ripoti ilikuwa ikitengeneza mafaili ya muda na kuyafuta, kisha ikitengeneza mengine. Diski ilipanda hadi 92, ikashuka hadi 89, ikapanda 93, ikashuka tena. Tulipofungua historia tulikuta matatizo 11 badala ya moja, na ukiacha la mwisho, hakuna hata moja lililodumu zaidi ya dakika 22. Mtu wa zamu alitumiwa meseji 11, zote za ngazi ya 1. Msimamizi wa dakika ya 30 hakuweza kufikiwa hata mara moja, kwani kila hesabu ilipokaribia kumfikia ilikatwa na kuanza upya. Mara ya mwisho diski ilipopanda haikushuka tena, na ikajaa kabla nusu saa haijatimia.

Dawa yake ni kuipa triga sharti tofauti la kufungwa. Ndani ya triga, badilisha “OK event generation” iwe “Recovery expression”, na uweke fomula mbili za namna hii:

Kufungua tatizo: min(/seva-db/vfs.fs.size[/,pused],5m)>90

Kufunga tatizo: max(/seva-db/vfs.fs.size[/,pused],15m)<85

Fomula ya kwanza inataka diski ibaki juu ya 90 kwa dakika 5 mfululizo ndipo tatizo lifunguliwe, jambo linaloondoa kelele za muda mfupi. Ya pili inataka diski ibaki chini ya 85 kwa robo saa nzima ndipo tatizo lihesabiwe kuwa limekwisha. Kwa fomula hizi, usiku wetu ungekuwa na tatizo moja refu, na msimamizi angeamshwa kabla ya saa tisa. Namba 85 na dakika 15 si amri. Zichague kwa kutazama grafu ya kipimo chenyewe kwa wiki moja au mbili, uone kinayumba kwa kiasi gani kinapokuwa katika hali ya kawaida.

Hatua ya 4: Kagua mpokeaji, si kanuni peke yake

Ukishajua kwamba ngazi ilifikiwa, fungua “Users”, umchague mtu ambaye hakupata ujumbe, na ukague mambo matatu.

La kwanza ni ruhusa. Zabbix haimtumii mtu ujumbe kuhusu hosti ambayo hana ruhusa angalau ya kuisoma. Mkuu wa idara aliyeandikishwa kwa haraka, akawekwa katika kundi la watumiaji lisilo na ruhusa kwa kundi la seva husika, hatapata kitu, na jina lake halitaonekana hata kwenye orodha ya walioshindwa kufikiwa. Kimya cha namna hii humfanya mtu atafute kosa kwenye kanuni kwa siku nzima.

La pili ni uzito wa tatizo. Kila njia ya mawasiliano ya mtumiaji ina visanduku vya uzito, kuanzia “Not classified” hadi “Disaster”. Wakubwa wengi huomba wasisumbuliwe ila kwa majanga, nasi tunawawekea alama kwenye “Disaster” pekee, kisha tunaandika triga ya diski kwa uzito wa “High”. Kanuni itamtaja mkubwa, ngazi itafika, na visanduku vitamzuia. Ama upandishe uzito wa triga, ama uongeze kisanduku. Lakini zungumza naye kwanza, maana ni usingizi wake.

La tatu ni saa, na hapa sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sababu ya kuwa waangalifu mara mbili. Sehemu ya “When active” huandikwa kwa namna ya 1-7,00:00-24:00, ambapo siku ya 1 ni Jumatatu. Majina yetu ya siku yanaanza kuhesabu Jumamosi, na nimewahi kumwona kijana mwenye akili akiandika 3 kwa ajili ya Jumatatu kwa sababu ya “tatu” iliyomo ndani ya jina. Vilevile, mkubwa akikuambia kwamba zamu yake inaanza saa mbili usiku, unachoandika ni 20:00, na akisema inaisha saa kumi na mbili asubuhi, unaandika 06:00. Kipindi kinachovuka usiku wa manane hakikubaliki kwa kipande kimoja. Lazima ukikate mara mbili, hivi:

1-7,20:00-24:00;1-7,00:00-06:00

Halafu angalia ukanda wa saa. Saa hizo husomwa kwa ukanda wa saa wa mtumiaji mwenyewe, na seva nyingi, hasa za kukodi nje ya nchi, huwekwa kwenye UTC, ambayo iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa tatu. Mtumiaji aliyeachwa kwenye ukanda wa kawaida wa seva ya namna hiyo, akiandikiwa kuanza 20:00, ataanza kupokea saa tano usiku. Weka Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi kwenye wasifu wake, kisha usome upya vipindi vyote ulivyomwandikia.

Hatua ya 5: Kukiri na matengenezo

Katika Zabbix mtu anaweza kukiri kwamba ameliona tatizo. Wengi huamini kwamba kukiri huko husimamisha arifa za ngazi za juu, lakini hakusimamishi chochote mpaka wewe mwenyewe uongeze, ndani ya operesheni ya ngazi hiyo, sharti kwamba tukio liwe halijakiriwa. Wakubwa wakilalamika kwamba wanapigiwa kengele ilhali mtu yuko kazini tayari, sharti hilo limesahauliwa.

Lalamiko la kinyume huja pale sharti lilipo. Mtu wa zamu anasikia mlio, anafungua simu na macho mazito, anakiri, anarudi kulala. Ngazi zote zenye sharti hilo zinanyamaza na tatizo linaendelea kukua. Ukikuta kukiri kwenye maelezo ya tukio na hakuna kazi iliyofuata, usimgeukie mtu kwa lawama kabla ya kurekebisha mpango: acha ngazi moja ya mbali, tuseme ya saa mbili baadaye, bila sharti la kukiri, ili tatizo ambalo halijafungwa lifike kwa mtu wa pili vyovyote iwavyo.

Kuhusu matengenezo, kanuni ina kisanduku cha kusimamisha operesheni kwa matatizo yaliyofichwa wakati wa matengenezo, na kisanduku hicho huwa kimewekwa alama tangu mwanzo. Ni jambo jema. Ila mtu akifungua kipindi cha matengenezo cha wiki nzima kwa kazi ya saa mbili, ngazi zote za hosti hizo zitasubiri wiki nzima. Pitia orodha ya vipindi vya matengenezo na ukague tarehe zake za mwisho. Na ukipokea ujumbe unaoanza kwa “NOTE: Escalation canceled”, mtu amezima kanuni, triga, kipimo au hosti katikati ya safari, muulize alikusudia nini.

Hatua ya 6: “Sent” haimaanishi kwamba simu imelia

Hali ya “Sent” ina maana moja tu, kwamba Zabbix imeukabidhi ujumbe kwa njia ya kutuma na njia hiyo haikurudisha kosa. Baada ya hapo ujumbe uko mikononi mwa wengine. Ofisi nyingi za kwetu hutuma SMS kupitia kampuni inayouza meseji kwa jumla, ambako unalipia salio kabla ya kutuma. Salio likiisha, mfumo wa kampuni unaweza kujibu vizuri kabisa kwa lugha ya HTTP, namba 200, huku ndani ya jibu ikiwa imeandikwa kwamba ujumbe umekataliwa. Hati yako ya webhook, yaani programu fupi inayoupeleka ujumbe kwa kampuni hiyo, isiposoma jibu hilo hadi ndani, Zabbix itaandika “Sent” kwa amani. Fungua hati hiyo, uone inachofanya na jibu, na uifanye itoe kosa pale hali ya ujumbe isipokuwa ya kukubaliwa. Kisha weka kipimo cha salio lenyewe, chenye triga yake, inayotuma arifa kwa barua pepe, si kwa SMS.

Jambo dogo lenye gharama: SMS moja hubeba herufi 160 ikiwa ujumbe wote una herufi za kawaida, na Kiswahili chetu kinaingia humo bila shida. Lakini alama moja ya hisia, au alama za kunukuu zilizopinda zilizotoka kwenye programu ya kuandikia, huubadilisha ujumbe wote kuwa wa herufi 70, na meseji moja inakuwa tatu.

Ukikuta “Failed”, soma maelezo yaliyo pembeni yake. Kwa kawaida Zabbix imejaribu mara 3, kwa nafasi ya sekunde 10, ndipo ikakata tamaa. Seva ya barua pepe inayozimika kwa dakika moja tu inatosha kuupoteza ujumbe kwa mipangilio hiyo, kwa hiyo ongeza idadi ya majaribio na nafasi baina yake. Kisha jiulize swali hili: mtandao wa intaneti wa ofisi ukikatika, arifa ya kukatika kwake itatoka kwa njia gani? Ikiwa barua pepe na SMS zote zinapita katika waya huohuo, huna njia ya kutoa habari. Modemu ya GSM yenye laini yake, iliyochomekwa kwenye seva ya Zabbix, ni ya polepole lakini haitegemei waya huo, na kwa ngazi ya mwisho naiamini kuliko njia nyingine yoyote.

Ucheleweshaji wa ujumbe kwa wakati wa msongamano una chanzo kingine. Ruta moja ikizima na triga za seva mia zikalipuka pamoja, foleni hujaa. Weka utegemezi ili triga za seva zitegemee ile ya ruta, na ufuatilie kipimo cha ndani cha zabbix[process,escalator,avg,busy] pamoja na cha alerter (escalator ni mchakato unaohesabu ngazi, na alerter ni ule unaotuma ujumbe). Vikikaa juu kwa muda mrefu, ongeza StartEscalators, ambayo huanzia 1, na StartAlerters, ambayo huanzia 3, kisha uwashe seva ya Zabbix upya.

Hatua ya 7: Jaribu safari nzima mchana kweupe

Kitufe cha kujaribu kilicho kwenye njia ya kutuma kinathibitisha kiungo cha mwisho cha mnyororo peke yake. Ili kupima ngazi zote, tengeneza hosti ya majaribio, uipe kipimo cha aina ya trapper (kinachosubiri kutumiwa thamani) chenye ufunguo jaribio.hali, na triga inayofunguka thamani inapokuwa 1. Nakili kanuni yako halisi, uibane nakala hiyo kwa sharti la hosti ya majaribio tu, na upunguze kila muda hadi dakika moja. Hakikisha pia kwamba kanuni halisi haiikamati hosti hiyo. Waambie wahusika wote saa utakayojaribu. Kisha tuma:

zabbix_sender -z 127.0.0.1 -s "jaribio" -k jaribio.hali -o 1

Kaa na saa mkononi. Mtu wa ngazi ya 1 apokee karibu mara moja, wa ngazi ya 2 baada ya dakika moja, wa ngazi ya 4 baada ya dakika tatu. Kila mmoja akutumie picha ya skrini yake, ulinganishe saa ya simu na saa iliyo kwenye ukurasa wa tukio. Ikiwa kuna ngazi iliyorukwa na hujui kwa nini, ongeza kiwango cha kumbukumbu kwa mchakato unaohusika:

zabbix_server -R log_level_increase=escalator

Rudia jaribio huku ukisoma /var/log/zabbix/zabbix_server.log, na ukimaliza urudishe kiwango kwa log_level_decrease, kwani faili hilo huzungushwa likifika megabaiti 1 ikiwa hukubadilisha LogFileSize, na kumbukumbu nyingi zitalijaza upesi na kufuta ile uliyokuwa ukiitafuta.

Usiliache jaribio hapo. Tuma amri ileile ya zabbix_sender ikiwa na 0 badala ya 1, tatizo lifungwe, na uhakikishe kwamba kila aliyeamshwa amepata pia habari ya kwamba limekwisha. Hilo huwekwa kwenye operesheni za urejesho, kwa chaguo la “Notify all involved”. Msimamizi aliyeamshwa saa tisa usiku kisha asiambiwe kwamba jambo limeisha ataendesha gari hadi ofisini bure, na mara nyingine akiamshwa atakuwa mzito kuinuka.

Sisi jaribio hili tunalifanya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi, na tunalirudia siku yoyote mtu anapoingia au kutoka kwenye orodha ya zamu, au anapobadilisha namba ya simu.